Kadirio la Paa Lisomwe Kuanzia Mstari wa Mwisho

Karatasi zilikuwa tatu, zimebanwa chini ya kikombe cha chai zisipeperuke. Mwezi Agosti Dodoma, ukiacha karatasi barazani bila kitu juu yake, utaikuta kwa jirani. Mama mkubwa alizisogeza mbele yangu kana kwamba mimi ni mjumbe anayekabidhiwa kesi ya mtaa.

"Mwanangu, niambie. Huyu wa kwanza ananipunja, au hawa wawili ndio wanataka kuniibia?"

Ya kwanza ilikuwa imechanwa kwenye daftari la mistari. Ilisema bati 56, mbao kadhaa, misumari kilo 15, kofia 12 za kufunika kilele cha paa, ufundi, jumla shilingi 4,200,000. Ya pili, kurasa mbili kwa mwandiko wa mkono uliotulia, ilifika 8,700,000. Ya tatu ilichapwa kwa kompyuta, ina nembo na mhuri, na katikati yake kuna mstari mmoja tu: "Kubadilisha paa, vifaa na ufundi, 10,900,000."

Nyumba ni ile ile. Iko Nkuhungu, mita 10 kwa 12, ilipauliwa miaka ya tisini kwa bati jembamba lililokwisha kuwa na rangi ya kahawa. Msimu uliopita upepo unaotangulia mvua uliinua kona ya upande wa jikoni ukaikunja. Nilipopanda ngazi kuangalia, kilichonishangaza si kutu. Bati lenyewe halikuwa limechanika. Lilitoka na misumari yake mizima, na msumari mmoja ulikuwa bado umeng'ang'ania kipande cha papi, ule ubao mwembamba ambao bati hupigiliwa juu yake.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya kile kipande cha papi. Tangu Serikali ihamie huku na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, kila mtaa una nyumba inayopauliwa: Ilazo, Nzuguni, Iyumbu, Ihumwa hadi karibu na Mtumba. Na kila ninapokuta watu wanabishana juu ya paa, wanabishana juu ya bati. Unene wake geji ngapi, kiwanda gani, rangi ya mvinyo au kijani cha chai. Sijawahi kusikia wawili wakinyoosheana vidole juu ya msumari. Naamini hapo ndipo tunapopotea. Katika kadirio la paa, mistari ya juu ndiyo inayokula pesa na mistari ya chini ndiyo inayoamua kama paa litabaki juu ya nyumba. Kwa hiyo mimi huanza kusoma chini.

Lakini kabla hatujafika huko, kuna hesabu moja ambayo karibu kila kadirio la bei ya chini huikosea, na haihitaji mtu awe amesomea ukadiriaji majenzi.

Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina eneo la mita za mraba 120. Fundi wa kwanza alipima kuta, akapata 120, akagawa kwa bati. Paa, hata hivyo, haliishii ukutani. Linatoka nje kama sentimita 60 kila upande ili mvua isipige kuta, kwa hiyo kivuli chake chini ni mita 11.2 kwa 13.2, karibu 148. Halafu paa limeinama. Kitu kilichoinama ni kirefu kuliko kivuli chake: kwa mwinamo wa nyuzi 30 unazidisha kwa 1.155, nawe unafika karibu 171. Kwa mwinamo wa nyuzi 15 ungezidisha kwa 1.035 tu na kuishia 153. Ndiyo maana paa lililochongoka, lile linaloonekana la kifahari ukiwa barabarani, linalipiwa hata kabla hujachagua bati.

Tuendelee kidogo. Bati lenye upana wa sentimita 90 likishapandiana na mwenzake linafunika 80 hivi. Urefu wa mita 3 ukitoa sentimita 15 za kupandiana unabaki 2.85. Bati moja, basi, linafunika mita za mraba 2.28. Gawa 171 kwa 2.28 unapata 75. Na kama paa ni la pande nne, kwenye kona utakata bati kwa mshazari na vipande vingine havitafaa popote, kwa hiyo unaongeza nyingine kwa ajili ya upotevu. Fundi wa pili aliandika 82. Yule wa kwanza aliandika 56.

Sidhani kama fundi wa kwanza ni tapeli. Wapo wanaoandika pungufu makusudi ili wapate kazi, wakijua kwamba paa likishaezuliwa nusu na mawingu yamesimama upande wa Mlimwa, mwenye nyumba hana ujanja. "Bosi, bati zimepungua kidogo." Hapo unatoa laki nane, laki tisa, na nauli ya Kirikuu, kile kigari cha mizigo. Huyu nadhani alipima tu kama alivyofundishwa, kwa macho na kwa hatua. Kwa mwenye kulipa matokeo ni yale yale. Ile 4,200,000 haikuwa bei ya paa, ilikuwa bei ya theluthi mbili ya paa.

Kuhusu geji nitapita haraka, maana yameshasemwa mengi. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3, geji 32 iko chini yake. Majedwali ya geji hayafanani, na rangi nayo ina unene wake, kwa hiyo dai milimita ziandikwe kwenye kadirio na kwenye risiti. Uliza pia bati limepakwa nini chini ya rangi. Aluzinki ni mchanganyiko wenye alumini asilimia 55, sehemu kubwa iliyobaki ni zinki, na silikoni kidogo; namba inayofuata herufi AZ, kama 100 au 150, ni gramu za mchanganyiko huo kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Mwenye duka asiyeweza kukuambia namba hiyo anakuuzia rangi. Basi. Twende kwenye upepo.

Wazee wa Kigogo walikuwa na tembe. Paa lake ni bapa: nguzo zenye panda, juu yake boriti, kisha fito, nyasi na udongo ulioshindiliwa. Nguzo ndizo zilizobeba paa, kuta zilikuwa za kufunga tu. Mimi sitaki kurudi kuishi kwenye tembe, na mchwa na mvua kubwa vilikuwa na la kusema juu yake. Lakini uzito wa lile paa ulikuwa mamia ya kilo kwa kila mita ya mraba, na hakuna upepo wa Ugogoni uliokuwa na uwezo wa kuunyanyua. Tatizo la paa kuruka ni tatizo tulilolileta wenyewe pamoja na bati.

Bati la milimita 0.3 lina uzito wa kilo 2.4 hivi kwa mita ya mraba. Sasa chukua upepo wa kilomita 100 kwa saa, ule wa dhoruba ya radi. Hapa kwetu, mita elfu moja na mia moja hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko Tanga, lakini msukumo wa upepo huo bado ni karibu kilo 40 kwa mita ya mraba. Upepo ukipita juu ya paa jepesi haulikandamizi, unalifyonza kwenda juu. Na kama dirisha la upande unaotoka upepo liko wazi, hewa inaingia ndani na kulisukuma kutoka chini, kwa hiyo paa linavutwa na kusukumwa kwa wakati mmoja. Kwenye kona na kingo mfyonzo huo unaweza kuwa mara mbili ya katikati. Kona ya jikoni kwa mama mkubwa haikuondoka kwa bahati mbaya, ndiko kunakoanziaga.

Weka kilo 2.4 upande mmoja wa mizani na kilo 40 upande mwingine. Tofauti yote hiyo inashikwa na msumari. Hakuna kitu kingine.

Fundi akiweka papi kila mita 1.2 na kupiga msumari kila sentimita 60, msumari mmoja unabeba eneo la mita za mraba 0.72, yaani karibu kilo 30 za kuvutwa, na kwenye kona kilo 60. Akisogeza papi ziwe kila sentimita 90 na kupiga kila sentimita 30, kila msumari unabaki na kilo 11. Bati halijabadilika, mbao ni zile zile kwa aina, lakini paa la pili ni kitu kingine kabisa. Sasa angalia kadirio la kwanza: "misumari kilo 15". Kila umbali gani? Ya aina gani? Yule bwana hakuandika, na mama mkubwa hakujua kama ni swali.

Kuna jambo la hapa Dodoma ambalo sijasikia likizungumzwa sana. Mbao zetu nyingi za kupaulia ni paini, na nyingi hutoka nyanda za juu, Mufindi na Njombe, kwenye ukungu na baridi yenye unyevu. Zinapakiwa zikiwa bado na maji ndani, zinaletwa kwenye mji wenye ukame wa miezi saba, na zinapigiliwa ndani ya wiki hiyo hiyo. Kisha zinakauka zikiwa juu ya paa. Mbao ikikauka inasinyaa, na ule mshiko wa msumari laini uliopigwa kwenye mbao mbichi unapungua vibaya. Ongeza jua: bati la mita 6 likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri, linarefuka karibu milimita 3, na usiku linarudi. Mchana linasukuma msumari, usiku linauvuta. Fanya hivyo mwaka mzima, na utaelewa kwa nini misumari ya paa inachungulia kama meno ya mtoto.

Skrubu yenye washa ya mpira inashika kwa nyuzi zake na haitoki kirahisi hivyo. Ni ghali kuliko msumari, na inataka drili, umeme au betri, na mkono uliotulia, kwa sababu ukiikaza mno mpira unapasuka na ukiiacha legevu maji yanapita. Kwenye kadirio la pili skrubu, mikanda ya chuma ya kufunga kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa) na misumari ya kenchi yenyewe havikufika asilimia 7 ya jumla. Asilimia 7! Wengi wetu tunapoambiwa "punguza kidogo", hapo ndipo tunapopunguzia, maana hapo ndipo macho ya mgeni hayafiki.

Ile mikanda nayo ina hadithi yake. Bati limefungwa kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye mtambaapanya (ule ubao unaolala juu ya ukuta), mtambaapanya kwenye lenta (ule mkanda wa zege), na lenta kwenye ukuta. Ni mnyororo. Ukikaza bati kwa skrubu safi halafu mtambaapanya umelala tu juu ya tofali na misumari miwili, umehamisha tatizo: badala ya kuruka bati moja litaruka paa zima, na kenchi zake, hadi barabarani. Nimeona la namna hiyo baada ya dhoruba moja, kenchi zimelala kifudifudi uwanjani zikiwa bado zimeshikana na bati lote, kazi nzuri ya seremala. Kuta zilibaki safi, kama sanduku lililofunguliwa kifuniko. Kila kitu kilikuwa kimefungwa vizuri isipokuwa kiungo kimoja.

Anayepaua upya ana bahati na ana balaa. Bahati yake ni kwamba paa likishaezuliwa anaona kila kitu, na kwa siku mbili au tatu anaweza kufunga kenchi kwenye lenta kwa gharama ndogo. Hiyo nafasi hairudi kwa miaka ishirini. Balaa ni sentensi moja inayopendwa sana kwenye makadirio: "Mbao zilizopo zitatumika." Zipi? Nani amezikagua? Papi ya zamani ina matundu ya misumari kila mahali, na skrubu ikiingia kwenye tundu la zamani haijashika kitu. Mchwa wa Dodoma nao hula mbao kutoka ndani na kuacha ganda la nje likiwa linang'aa. Fundi wa pili alipanda na bisibisi, akachoma kenchi moja moja kwenye maungio na kwenye ncha zinazokalia ukuta. Alipoteremka alisema kenchi mbili zibadilishwe na papi zote, na hilo aliliandika. Yule wa tatu, mwenye mhuri, hakupanda kabisa. Alitazama kutoka getini.

Hapo nataka nieleweke. Kadirio la bei ya juu kuliko yote ndilo lililosema machache kuliko yote. Mtu anayeandika "vifaa na ufundi" mstari mmoja amejiachia uhuru wa kuleta geji yoyote, mbao zozote, msumari wowote, na bado atakuwa ametimiza alichoandika. Ukimpeleka kwa mjumbe, karatasi itamtetea yeye. Sikumshauri mama mkubwa alipe nyingi. Nilimwambia amchukue mtu aliyeandika kazi yake kwa namna ambayo tukimkamata akikosea, tunaweza kuonyesha kidole.

Twende kwenye ufundi, mstari unaotuuma kuliko yote. Bati tunalipia bila maneno mengi kwa sababu duka lina bei ukutani. Fundi tunambana kwa sababu yuko mbele yetu na ana njaa. Na mara nyingi tunakubaliana naye kwa hesabu ya bati: kila bati analopigilia, shilingi kadhaa. Fikiria unamwambia nini mtu kwa malipo ya namna hiyo. Unamwambia akimbie. Muda anaotumia kunyoosha kenchi kwa kamba, kusubiri upepo utulie, kufagia vumbi la chuma juu ya bati, kukata kwa mkasi badala ya grenda, wote ni muda wa bure. Cheche za grenda huchoma rangi na aluzinki, na zile chembe za chuma zikibaki juu ya bati hushika kutu mvua ya kwanza. Bati jipya lenye madoa ya kahawia baada ya miezi sita mara nyingi halina kosa la kiwanda. Kampuni nyingi hutoa udhamini wa miaka mingi, lakini soma maandishi madogo: udhamini ni wa bati lililofungwa inavyotakiwa. Likikatwa kwa grenda, umebaki na karatasi.

Kuna na hili la sisi wenyewe kununua vifaa. Hatumwamini fundi na pesa, na wakati mwingine tuna sababu. Tunanunua bati wenyewe, mbao wenyewe, misumari tunamtuma kijana, halafu fundi anakuja na mikono na nyundo. Paa likivuja, fundi anasema bati ni bovu. Mwenye duka anasema fundi ni mbovu. Wote wawili wana hoja, na aliyelala chini ya ndoo ni wewe. Sisemi umkabidhi fundi milioni nane. Nasema kwamba ukichagua kununua mwenyewe, jumla ya vifaa iwe imeandikwa na fundi kwa aina na ukubwa, ununue hicho hicho, na siku ya kuanza akague mzigo na kusaini kwamba ameupokea ukiwa sawa. Kuanzia hapo hana pa kutorokea. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uichukue, tena uulize mapema kama ile bei ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake au itakuja kuongezwa kaunta.

Nitajibiwa kwamba haya ni ya wenye nazo. Nimesikia, na ni kweli kwamba mtu wa Chang'ombe au Mnadani anayejenga kwa mkupuo wa mazao hawezi kuongeza milioni tatu kwa sababu mwandishi fulani amepiga hesabu za upepo. Basi tuzungumze juu ya mahali pa kupunguza. Punguza rangi: bati jeupe la aluzinki linahimili jua, na kwa joto letu ni baridi kidogo kuliko jekundu iliyokolea. Punguza mbwembwe za paa. Pande mbili badala ya pande nne na vijipaa vitatu vya mapambo, maana kila vale, yaani lile bonde pande mbili zinapokutana kwa ndani, ni mlango wa maji na ni fedha. Fisha bodi, ule ubao wa kuziba ukingo wa paa, inaweza kungoja mwaka ujao. Gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, hata dari, vinaweza kungoja. Na kama lazima ushuke geji, shuka kutoka 28 hadi 30, lakini skrubu, nafasi ya papi na mikanda usiguse. Ningelala kwa amani chini ya geji 30 iliyofungwa vizuri kuliko geji 28 iliyopigiliwa na mtu aliyelipwa akimbie.

Nimesema gata inaweza kungoja, lakini nimesema kwa shingo upande. Mji huu unapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwenye kivuli cha paa la mita za mraba 148, hata ukitoa sehemu ya tano ya kupotea, ni zaidi ya lita 60,000. Hapa mwinamo hausaidii wala haupunguzi kitu, mvua inahesabu kivuli tu. Mtu anayenunua maji kwa dumu akiiona hesabu hiyo hukaa kimya kidogo. Kuweka gata wakati fundi yuko juu na ngazi yake ni rahisi kuliko kumwita tena, kwa hiyo hata kama hununui leo, mwambie aache ncha za bati zote kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Kwa nyumba za zamani nina neno moja zito. Kama paa lako ni la asbesto, zile sahani nene za kijivu zinazovunjika kama kigae, usikubali kadirio linalosema "kuondoa paa la zamani" na kunyamaza. Vumbi lake linasababisha saratani. Haivunjwi kwa nyundo, haitupwi korongoni, watoto hawaiokoti. Huloweshwa, hushushwa nzima, huvaliwa barakoa za kazi hiyo, na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ndio wa kuulizwa itapelekwa wapi. Kazi hiyo ina gharama yake na ni lazima iwe na mstari wake.

Mama mkubwa alimchukua wa pili. Tulikaa naye barazani, akasalimia "Mbukwa" kama mtoto wa nyumbani, tukapunguza fisha bodi na kubadilisha rangi, tukafika milioni saba na laki tisa. Ufundi tulikubaliana kwa kazi nzima, kwa hatua: sehemu ya kwanza paa likishaezuliwa na mbao kukaguliwa, ya pili kenchi zikishafungwa na mimi kupanda kuona mikanda kwa macho yangu, ya tatu bati likikamilika. Asilimia 10 ya ufundi ibaki hadi mvua ya kwanza kubwa. Hapo alinuna. "Kaka, mvua ya Dodoma naijua mimi? Ikija Januari je?" Nikamwambia basi Januari. Akacheka, akasaini.

Alifanya kazi siku tisa. Siku mbili kati ya hizo hakupandisha bati kabisa kwa sababu ya upepo. Bati la mita tatu mikononi mwa mtu aliyesimama juu ya kenchi ni tanga la jahazi. Yule wa kulipwa kwa bati angepandisha.

Mvua ilikuja usiku mmoja wa Desemba, ya radi na upepo. Asubuhi, kabla hatujampigia, alikuwa getini na ngazi begani. Alikuta doa moja la unyevu chini ya vale ya upande wa barabara, akapanda, akakuta skrubu mbili zimekazwa hadi mpira umepasuka. Alisema ni za kijana wake. Akazibadilisha, akateremka, akanawa, akapewa chai na asilimia 10 yake.

Kisha akauliza habari za yale mabati ya zamani yaliyoegemezwa ukuta wa nyuma, kama mama bado anayahitaji. Mama mkubwa akasema ni ya banda la kuku. Kuku hana hata mmoja.